Nilivyoinyamazisha Mashine ya Mama Mkwe

Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi ya leo, hapa Kakuma, mashine ya kusaga ya mama mkwe wangu ilinyamaza. Mimi ndiye niliyeinyamazisha, tena nilifurahi. Kabla ya saa tano sikuwa na uso wa kumtazama mtu.

Naandika mwenyewe kwa sababu video iko njiani. Mke wangu ameshaituma kwenye kundi la familia, na kundi la familia halina mlango. Kwa hiyo ninyi wa Lodwar mnaoniita Profesa, sikieni kwanza kutoka kwa mwenye aibu. (Na hilo jina la Profesa, tafadhali lirudisheni mlikolitoa.)

Mnanijua. Nina kibanda cha kutengeneza redio na paneli za sola. Shule niliiacha darasa la nane, na yote ninayoyajua nimeyasoma mwenyewe, kwa utaratibu, nikirudia ukurasa mpaka unikubali. Mnaijua pia dharau yangu. Simvumilii fundi wa mazoea. Akisema "sisi tumezoea hivi," mimi humwuliza "kwa nini?" Yeye hukasirika, nami huondoka nikiwa nimeshinda. Nimewashinda wengi kwa namna hiyo. Leo nawaomba radhi wote isipokuwa wawili (hao bado ni wajinga).

Sasa mashine. Mama mkwe ni mjane. Aliuza karibu mbuzi wake wote, akanunua injini ya dizeli na kinu, akajenga kibanda cha mabati kando ya barabara. Ng'ambo ya barabara hiyo hiyo kuna mashine nyingine, ya bwana mmoja anayeitwa Ekal, mtu mwenye tumbo na maneno. Wateja ni wachache na wanagawanywa na barabara. Sasa shule moja ya bweni inatafuta mtu wa kuisagia mahindi muhula mzima, magunia manane kila wiki. Mtunza stoo wa shule alikuwa aje leo na magunia yenyewe, aione mashine ikifanya kazi, halafu aamue: mama mkwe au Ekal. Akiipata kazi hiyo, mama mkwe atanunua mbuzi tena. Akiikosa, ataendelea kusaga vikopo vya mtama vya majirani, nusu yao wakiahidi kulipa wakirudi kutoka malishoni.

Tatizo lilikuwa kelele. Beringi za kinu zilikuwa zinalia, na watu wameanza kusema mashine ya mama inakaribia kufa. Mke wangu, Asinyen, aliniletea habari hizo nyumbani Lodwar.

"Mama anazipaka nini?" nikamwuliza.

"Mafuta."

"Mafuta gani?"

"Ya kupikia."

Ya kupikia! Nilitazama pembeni ili asione jinsi nilivyodharau. Akaona.

Nikamweleza. Mafuta hunasa vumbi. Vumbi la Kakuma ni mchanga uliosagwa na upepo. Mchanga ndani ya mafuta ni msasa. Kwa hiyo mama yako hailainishi mashine yake, anaipiga msasa kila asubuhi, halafu anashangaa kwa nini inalia. Asinyen akasema, "Basi si uende umwambie." Nikasema sitakwenda kumwambia. Nitakwenda kumwonyesha.

Ndipo nilipoagiza grafini kutoka Nairobi.

Mnaojua, rukeni aya hii. Msiojua, na mko wengi, tulieni. Penseli ya mtoto wako ina grafiti. Grafiti ni kaboni iliyopangwa tabaka juu ya tabaka, kama karata. Ukiisukuma, karata ya juu huteleza juu ya ile ya chini, ndiyo maana penseli huandika: inaacha karata zake kwenye karatasi. Ukizitenganisha karata hizo mpaka zibaki chache sana, au moja, hiyo ndiyo grafini. Ukiitia kati ya chuma na chuma, hujaza mikwaruzo ambayo jicho haliioni, na vyuma huacha kutafunana. Wafanyabiashara huiita "nano" na kudhani wameeleza jambo. Hawajaeleza kitu. Nano ni kipimo tu, kama debe.

Nilipoipokea niliipima, maana siku hizi mtu anaweza kukusagia makaa ya jiko akaandika nano kwenye kopo. Nilichukua betri na balbu ndogo, nikapitisha umeme katikati ya ule unga mweusi. Balbu ikawaka. Nikajaribu makaa ya jiko. Giza. Kwa hiyo unga ulikuwa wa kweli, na hadi dakika hii ninapoandika nausimamia. Kaboni haina kosa. Mkiicheka kaboni nitatoka kwenye kundi.

Kuna jambo moja lazima mlijue kabla hatujafika Kakuma. Mimi ni Mbukusu. Kwetu Bungoma mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawakaribiani, wala hawaongei ana kwa ana. Mama mkwe wangu ni Mturkana, ana heshima za kwao, lakini hizi zangu zilimshangaza. Siku ya kwanza alininyooshea mkono, "Ejok!", nami nikarudi nyuma nikajigonga kwenye mlango. Nikamtuma Asinyen amweleze desturi yetu kwa ukamilifu. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akamwuliza bintiye, "Huyu mtu anaumwa?"

Lakini alikubali. Tangu hapo neno lake hunifikia kupitia kwa Asinyen, na langu humfikia vivyo hivyo, hata tukiwa chini ya paa moja. Jina lake silitaji. Langu halitaji. Nimelisimamia jambo hilo kwa ukali, nikimrekebisha kila alipojisahau, maana desturi isiyofuatwa kikamilifu ni mchezo wa kuigiza.

Haya. Leo asubuhi mapema nilizifungua beringi. Nikaziosha kwa mafuta ya taa mpaka tope la mafuta ya kupikia likaisha (harufu yake, ndugu zangu, ilikuwa ya mandazi ya mwaka jana). Nikazikausha. Nikachanganya grafini na grisi safi kidogo sana, ya kuishikilia tu, nikazijaza, nikazirudisha. Halafu, kabla ya kuufunga mkanda, yaani ule mkanda wa mpira unaotoka kwenye injini kwenda kuzungusha kinu, niliizungusha puli ya kinu, lile gurudumu linaloshikwa na mkanda, kwa kidole kimoja.

Ikazunguka. Ikaendelea kuzunguka. Wanawake waliokuwa kwenye foleni na vikopo vyao wakaacha mazungumzo. Ikazunguka tu, bila sauti, mpaka mmoja wao akacheka kwa kushangaa.

"Kwa kidole!" akasema.

"Kwa kidole kimoja," nikamrekebisha.

Mama mkwe alikuwa ameketi pembeni kwenye kigoda chake, fimbo mkononi. Akamwambia Asinyen jambo kwa Kiturkana. Asinyen akanigeukia. "Mama anasema ni vizuri."

Ni vizuri! Kutoka kwa mwanamke yule, hiyo ni hotuba. Hapo ndipo ningepaswa kuoga, kunywa chai na kurudi Lodwar. Ningekuwa shujaa hadi leo jioni.

Mtunza stoo akafika. Ni Mkongomani, mtu mzima, mpole, wote wanamwita Papa Dieudonné. Alikuwa amevaa shati jeupe lenye mistari ya pasi ambayo ingeweza kukata nyama. Nyuma yake mkokoteni wa punda na magunia manane.

"Papa, jambo," akanisalimu, maana kwao kila mwanamume ni Papa. "Banasema wewe njo injinia."

"Ninajisomea," nikajibu. (Kwa unyenyekevu, lakini kwa sauti.)

Nikaufunga mkanda, nikawasha injini, nikasubiri ukimya.

Kwiiiii!

Si beringi. Beringi zilikuwa kimya kama zilivyoagizwa. Ulikuwa mkanda. Mkanda ulikuwa unalia kwenye puli, sauti nyembamba kama ya mtoto wa nguruwe, mbele ya Papa Dieudonné, siku ambayo nilikuwa nimekuja kuua kelele. Ng'ambo ya barabara nikamwona Ekal akitoka mlangoni mwake, mikono juu ya tumbo, kuja kuifurahia.

Mtu mwenye akili ya kawaida angeukaza mkanda. Ulilegea kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimeurudisha vibaya. Boliti mbili tu za kusogeza injini, kazi imekwisha. Hivyo ndivyo angefanya fundi wa mazoea, yule yule ninayemdharau. Lakini mimi sikuwa na mazoea. Mimi nilikuwa na nadharia. Nadharia yangu ilisema: sauti ni msuguano unaolia. Msuguano ni adui. Adui ana dawa. Na dawa ilikuwa imebaki nusu kopo.

Nikazima injini (usalama kwanza, hata katika upumbavu). Nikachukua brashi. Nikaupaka mkanda grafini, upande wa ndani, kwa uangalifu, bila kuruka hata kidole kimoja cha mpira. Nikapaka na puli zote mbili mpaka zikang'aa kama viatu vya harusi. Asinyen akaniuliza, "Na mkanda pia?" kwa sauti ambayo sasa nikiikumbuka naona ilikuwa ya kunipa nafasi. Nikamwambia, "Hasa mkanda."

Halafu nikamkabidhi simu arekodi. Nikampa maagizo. Piga uso wangu na mkanda, usihangaike na mengine. Na usiseme neno lolote mpaka nikuashirie, video yenye sauti za watu haina heshima.

Je, mmeona nilichokifanya? Mtu mmoja tu ndiye aliyeruhusiwa kunipelekea maneno ya mama mkwe, na mtu huyo nimemfunga mdomo kwa amri.

Papa Dieudonné akafungua gunia la kwanza, akamimina mahindi kwenye mdomo wa kinu, ule mdomo mpana wa juu, mpaka ukajaa. Gunia lililobaki robo tatu akaliacha wazi hapo chini. Nikawasha.

Kimya.

Ndugu zangu, ulikuwa ukimya mzuri! Injini ilikuwa inavuma polepole kama mtu anayeimba akiwa peke yake. Mkanda unapita. Beringi hazisikiki. Hakuna kulia, hakuna kugonga, hakuna kutetemeka kwa mabati. Wanawake wakatazamana. Hata punda alisimamisha masikio. Hapo ndipo ilipokuwa saa nne na dakika kumi na mbili. Niliitazama saa yangu ili video iwe na kumbukumbu sahihi.

Nikaanza kuhutubia.

"Ndugu zangu," nikasema, "kelele ni nini? Kelele ni nguvu inayopotea. Kila dizeli inayolia kwenye chuma ni dizeli ambayo haikusaga kitu. Mmezoea kudhani mashine yenye kelele ndiyo yenye nguvu. Huo ni ushamba."

Nikaeleza karata. Nikaeleza nano na debe. Nikamtaja fundi wa mazoea, nikamwangalia Ekal ng'ambo ya barabara wakati nikimtaja.

Ekal akapaza sauti: "Profesa! Mbona kimya hivyo, mmefunga?"

"Mnasikia?" nikawaambia watu. "Huo unaitwa wivu."

Mama mkwe akakohoa. Nikadhani ameguswa.

Akakohoa tena. Akaupiga mdomo wa kinu kwa fimbo yake, ko, ko. Nikadhani ananipigia makofi kwa namna ya kwao, nikainamisha kichwa kidogo kushukuru, huku nikiangalia pembeni kama desturi inavyotaka. Akamvuta Asinyen nguo. Asinyen, mke mtiifu siku isiyofaa, akainua kidole: ngoja, mama, tunarekodi.

Papa Dieudonné akasogea karibu nami. "Papa, hii mashini iko kimya sana. Iko naogopesha."

"Ni kawaida. Utazoea."

"Bunga itatoka wakati gani?"

Bunga ni unga, kwao. Nikatabasamu kwa kumhurumia. "Unga unakuja. Jambo zuri halina haraka."

Sasa niwaambie kilichokuwa kinatendeka nyuma ya mgongo wangu. Kinu kilikuwa kimesimama. Kimesimama kabisa! Kikiwa kitupu kingezunguka, lakini mahindi yalipokibana, mkanda haukuwa na cha kushikia. Ulikuwa unateleza juu ya puli kama kambale mkononi, kwa raha zake, ukizunguka bila kuzungusha. Na puli yenyewe, kwa vile niliipaka ikawa nyeusi tii na laini, huwezi kujua kwa macho kama inazunguka au imelala. Kwenye tundu la kutolea unga kuna mfuko mrefu wa kitambaa, ambao mashine ikisaga hujaa upepo ukawa mnene kama paja. Mfuko ulikuwa umening'inia kama soksi isiyo na mguu. Wote waliuona isipokuwa watu wawili: mimi niliyekuwa natazama simu, na Asinyen aliyekuwa ananitazama ndani ya simu.

Wanawake kwenye foleni nao walinyamaza. Baadaye nilimwuliza mmoja kwa nini hakusema. Akasema, "Tulifikiri hiyo ndiyo nano."

Mama mkwe akasimama.

Hakunikaribia. Hakuvunja sheria yangu. Alikwenda mpaka kwenye nguzo ya mti inayoshikilia paa, akasimama mbele yake kama anayemsalimu mgeni, akaiambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya kutosha foleni nzima:

"Wewe nguzo. Ejok. Ambia huyo bwana ya Asinyen, mahindi iko tu pale juu. Haijaenda mahali."

Nguzo haikusema kitu. Watu walisema. Kicheko cha kwanza kilitoka kwa mwanamke wa kikopo cha bluu, kikapita foleni nzima kama habari za msiba.

Nikageuka. Nikatazama mdomo wa kinu. Mahindi yalikuwa yamejaa vile vile, yametulia, yananitazama.

Kutoka ng'ambo: "Profesa! Umeshasaga ukimya kilo ngapi?"

Hapa, ndugu zangu, ndipo mtu anapopewa mlango wa pili wa kutokea. Ningezima injini. Ningecheka nao. Ningefuta mkanda, ningeukaza, tungesaga. Badala yake nikasema (iko kwenye video, siwezi kukana): "Bado haijapata moto."

Nikaongeza mafuta. Injini ikapandisha sauti. Mkanda ukakimbia zaidi, na kinu kikalala zaidi. Nikaongeza tena. Mabati yakaanza kutetemeka.

"Papa," akasema Papa Dieudonné akirudi nyuma, "mi naogopa."

"Usiogope, ni joto la mwanzo!"

Kukawa na harufu ya mpira unaoungua. Kukawa na moshi. Mama mkwe akaiambia nguzo neno moja la Kiturkana ambalo nguzo haikupaswa kuambiwa. Nikauinua mkono kuelekea swichi ya kuzima injini, na kabla haujafika, mkanda ulikatika.

Haukukatika kwa utulivu. Ulichapa. Ulipita karibu na sikio langu, ukarudi, na ncha yake ikalipiga kopo la grafini, lile la nusu, ambalo mimi mwenye utaratibu nililiacha wazi juu ya kinu.

Sijawahi kuona kitu kikiwa chepesi namna ile. Unga wa kawaida hurushwa ukaanguka. Huu ulirushwa ukakaa hewani, ukafikiri, ukatandaa. Kibanda kizima kikawa cheusi. Halafu ukaanza kushuka, taratibu, kwa haki, bila kumruka mtu. Ukashuka juu ya foleni. Ukashuka juu ya gunia la wazi. Ukashuka juu ya shati lenye mistari ya pasi.

Ulipotulia, hakuna aliyekuwa anacheka. Papa Dieudonné aliitazama mikono yake, akalitazama shati, akajifuta kifuani kwa kiganja. Usijaribu kamwe kuifuta grafini kwa kiganja. Kazi yake ni kuenea.

"Mungu yangu," akasema taratibu. "Hii shati ilikuwa ya misa."

Nikawa natafuta kitambaa cha kumpa. Ndipo nikasikia jina langu.

"Simiyu."

Alikuwa mama mkwe. Amesimama mbele yangu, karibu kabisa, mweusi kutoka kichwani mpaka kwenye shanga, macho mawili tu ndiyo yanayoonekana. Hakuwa ameniita kwa jina tangu nimwoe bintiye. Nilirudi nyuma kama kawaida, nikagonga kinu. Nikaigeukia nguzo, maana ndiyo iliyokuwa karibu.

"Nguzo," nikasema, "mwambie mama kwamba..."

"Nguzo imechoka," akasema mama mkwe. "Simiyu, toka kwa mashine yangu."

Nikatoka.

Kicheko kikarudi, safari hii hakikuwa cha foleni peke yake. Kilikuwa cha barabara nzima. Ekal alikuwa ameketi chini kabisa, mikono juu ya tumbo, anashindwa kupumua. Nilisimama juani kama mwizi aliyeachiliwa kwa huruma. Asinyen bado alikuwa anarekodi. "Si ulisema mpaka uniashirie?" akaniambia.

Papa Dieudonné akaanza kumgeuza punda kuelekea ng'ambo. Magunia saba safi yalikuwa bado juu ya mkokoteni. Muhula mzima ulikuwa unavuka barabara mbele ya macho yangu, nami nimeufungulia njia kwa brashi.

Mama mkwe hakukimbia. Alitembea, akaishika hatamu ya punda, akamwambia yule mpole:

"Papa. Mashine yangu ni mzima. Ugonjwa ni yule pale."

Akaninyooshea fimbo. Watu wote wakanitazama, na nasikitika kusema kwamba hakuna aliyepinga.

Papa Dieudonné akayahesabu magunia yake. Akatazama shati lake tena (kila alipolitazama nilizidi kupungua kimo). Mwisho akasema magunia manne yatakwenda kwa Ekal, maana watoto wanakula leo. Matatu atayarudisha hapa kesho. Mashine ya mama ikiyasaga, kazi ya muhula ni yake.

"Lakini Mama," akaongeza, "kuko sharti moja."

"Sema."

"Ule Papa ya kimya asikuwe hapa."

"Hatakuwa," akasema mama mkwe. Hakusita hata kidogo. Hakumtazama hata Asinyen.

Mkanda mpya ulipatikana kwa nani? Kwa Ekal. Ndiye pekee aliyekuwa nao. Aliniuzia kwa bei ambayo huuza kwa maadui na watalii, halafu akaja kuufunga mwenyewe bila malipo, kwa sababu, alisema, nimemfurahisha kuliko harusi yake. Akazisafisha puli, akasogeza injini, akakaza boliti mbili. Wakawasha. Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa barabara, nimekatazwa kuvuka, nikasikiliza. Ile mifuko ya kitambaa mnajua inavyovuma ikijaa? Ilivuma. Unga ukatoka. Wanawake wakashangilia, wakiwa weusi wote kama timu moja.

Na beringi hazikulia. Hazikulia hata kidogo! Nalisema mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine aliyelisema, na sidhani yupo atakayelisema.

Nimenawa mara nne. Maji ya Kakuma mnayajua bei yake na uchache wake, na vidole vyangu bado vinaandika kwenye kila ninachokigusa. Kioo cha simu hii sasa kina karata zangu zote. Asinyen amebaki na mama yake mpaka kesho jioni, kusaidia. Aliniletea salamu za mama mkwe hapa kituoni, pamoja na nauli mkononi. Nikasema nina nauli yangu. Akasema mama anajua, lakini anataka awe na uhakika kwamba nimeondoka.

Kwa hiyo chekeni, lakini chekeni mkiwa na hesabu kamili mbele yenu: grafini elfu tatu na mia mbili, mkanda wa Ekal elfu moja mia tisa, gunia lililogeuka jeusi, ambalo nimelinunua mimi kwa elfu nne mia nane, shati la misa elfu moja, sabuni mia na ishirini. Toa mia sita za nauli nilizolipiwa ili niende. Hasara halisi: shilingi elfu kumi, mia nne na ishirini.